Umeme wa Jua Nyumbani: Kwanza Hesabu

Siku hizi ni nadra kupita kijijini usione kibao cheusi kinachong'aa juu ya paa. Twafurahi kuona hivyo, maana koroboi imewaumiza watu kwa miaka mingi: moshi wake huingia kifuani, mwali wake umeunguza nyumba na watoto, na mwanga wake haumtoshi mwanafunzi kusoma pasipo kukaza macho. Lakini wapo walionunua sola, wakaifurahia miezi michache, kisha giza likarudi. Kwa nini? Yafaa mwenye nyumba aijue sababu kabla hajatoa fedha yake.

Paneli hailishwi kwa joto la jua, kama wengi wadhanivyo, bali kwa mwanga wake. Ndani mna vipande vyembamba vya silikoni. Mwanga ukivipiga, umeme huanza kwenda. Joto likizidi, nguvu hupungua. Ndiyo maana fundi mwema huacha nafasi ya hewa baina ya paneli na bati. Kipande cha silikoni chenye kufaa kazi kilionyeshwa kwanza Marekani mwaka 1954 na mabwana Chapin, Fuller na Pearson wa Bell Laboratories. Kiligeuza sehemu 6 tu katika 100 za mwanga kuwa umeme. Paneli nyingi za sasa hugeuza sehemu 20 hivi. Kwa muda mrefu bei yake iliwafaa wenye kurusha vyombo angani, si mkulima. Viwanda vilipoongezeka, hasa China, bei ilianguka: kati ya mwaka 2010 na 2020 ilipungua kwa zaidi ya sehemu 80 katika 100.

Basi paneli si shida kubwa tena. Shida i katika betri. Jua hutua saa kumi na mbili jioni, nasi twahitaji taa baada ya hapo.

Tufanye hesabu. Nyumba ina taa 4 za wati 5 kila moja, nazo huwaka saa 4 kila usiku: 4 mara 5 mara 4 ni 80. Simu mbili zala 20 hivi. Televisheni ndogo ya wati 20, kwa saa 3, yala 60. Jumla ni 160 kwa siku. Paneli ya wati 50 ikipata jua kali kwa saa 4 hutoa 200, na sehemu yake hupotea katika waya na betri. Yatosha, lakini kwa shida, na siku za mawingu haitoshi. Sasa mtu alete pasi ya wati 1,000: nusu saa tu yala 500, yaani chakula cha siku tatu!

Betri ya asidi haipendi kukamuliwa. Isitumiwe kupita nusu ya akiba yake. Anayeimaliza kila usiku mpaka taa zizimike huiua upesi. Ile kontrola huwekwa kusudi kuzuia jambo hilo, nao mafundi wanaoiruka ili taa ziwake zaidi wanamwibia mteja wao. Betri za lithiamu huvumilia zaidi na kudumu zaidi, ila bei yake ni kubwa. Na akina baba wasikasirike nikisema kwamba umeme ukiwa mdogo, taa ya jikoni na ya meza ya watoto yatangulie, televisheni ifuate.

Tena kuna mikopo. Tangu mwaka 2012 hivi, kwanza Kenya, kisha kwa majirani, makampuni kama M-KOPA yameuza sola kwa malipo madogo ya kila siku kwa njia ya simu. Usipolipa, chombo hujifunga. Kwa asiye na fedha taslimu, mpango huu ni msaada wa kweli. Lakini malipo ya siku huonekana madogo kwa sababu ni ya siku. Zidisha kwa siku zote za mkataba, ongeza malipo ya kwanza, kisha linganisha na bei taslimu na mafuta ya taa unayonunua sasa.

Limebaki jambo linalosahauliwa mno: betri ikifa. Ndani ya betri ya asidi mna risasi, sumu inayodhuru akili za watoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwa hiyo betri isipasuliwe uani, wala watoto wasiichezee. Siku ya kununua, muulize muuzaji kama ataipokea itakapokwisha.