Je, Jiji Liunde Kamati ya Wakazi ya Kushauri Kuhusu Mazingira?

ELIMU YA URAIA: SOMO KWA WAKAZI WA KAUNTI



Jiji linapopanuka, maamuzi yanayogusa mazingira huongezeka. Jaa la taka likae wapi? Mtaro wa maji ya mvua upite upande gani? Kiwanda kijengwe umbali gani kutoka nyumba za watu? Miti ya kando ya barabara ikatwe au iachwe? Maamuzi haya huandaliwa ofisini, lakini moshi, harufu na mafuriko humfikia aliye jirani. Kwa sababu hiyo, mara kwa mara hutolewa pendekezo kwamba jiji liunde kamati ya wakazi ya kulishauri kuhusu mazingira.

Kenya sasa ina majiji matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru lililopandishwa hadhi mwaka 2021, na Eldoret lililofuata mwaka 2024. Swali hili linaweza kuzuka katika lolote kati ya hayo. Likizuka, mkazi ataulizwa maoni yake katika mkutano wa umma. Somo hili linamwandaa afike hapo akijua la kuuliza.

Ukimaliza kusoma, utaweza kueleza:

- kamati ya ushauri ina uwezo gani na haina uwezo gani;
- sheria tayari inampa mkazi nafasi gani;
- mambo manne yanayopaswa kuandikwa kabla ya kamati kuundwa.

1. Kamati ya ushauri ni nini?

Ni kundi dogo la wakazi, wasio waajiriwa wa jiji, wanaoteuliwa kwa muda maalumu ili kuchunguza masuala ya mazingira na kutoa mapendekezo kwa wenye mamlaka. Haitoi leseni, haifungi kiwanda, haitozi faini wala haipitishi bajeti. Neno lake ni ushauri. Anayeamua ni bodi ya jiji, serikali ya kaunti, bunge la kaunti au taasisi ya kitaifa, kulingana na jambo lenyewe.

Wenzetu wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, wana sheria ya aina hii tangu mwaka 1973. Sheria hiyo inaruhusu mji kuunda baraza la ushauri wa mazingira lenye wakazi wasiopungua 3 na wasiozidi 7. Hukaa kwa vipindi vya miaka 3 vinavyopishana, ili wasiondoke wote kwa pamoja na kuuacha mji bila mwenye kumbukumbu. Hawalipwi mshahara, ila wanaweza kurejeshewa gharama walizotumia. Wanatakiwa kuweka kumbukumbu za mikutano na kutoa ripoti kila mwaka. Mji haulazimishwi kuwa na baraza hilo. Kila mji huamua wenyewe.

2. Sheria zetu zinasema nini tayari?

Kabla ya kuomba chombo kipya, tuangalie vilivyopo.

*Katiba ya 2010.* Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza umma kushiriki katika usimamizi na ulinzi wa mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya kuondoa taka, kusimamia majaa, kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele, na kushughulikia maji ya mvua katika maeneo yenye majengo.

*Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyofanyiwa marekebisho 2015.* Inamtaka gavana kuunda Kamati ya Mazingira ya Kaunti. Ndani yake wamo maafisa wa serikali pamoja na wawakilishi wa wakulima au wafugaji, wafanyabiashara na mashirika ya manufaa ya umma. Kamati hiyo huandaa mpango wa utekelezaji wa mazingira wa kaunti kila baada ya miaka 5.

*Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011.* Inatambua mabaraza ya wananchi, ambamo wakazi wanaweza kujadili huduma, bajeti na mipango ya maendeleo. Bodi ya jiji inatakiwa kualika maombi na maoni kutoka kwa mabaraza hayo.

*Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.* Kifungu cha 88 kinampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka za kaunti kuyajibu maombi hayo bila kuchelewa.

Kwa hivyo, mkazi hakosi mlango wa kubisha. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kulifuatilia jambo lile lile mwezi baada ya mwezi, anayejua lilianzia wapi na liliahidiwa nini. Mkutano wa umma huisha jioni na watu wakarudi makwao. Kamati ya Mazingira ya Kaunti, nayo, hushughulikia kaunti nzima na huongozwa na afisa wa serikali. Nafasi iliyo kati ya vyombo hivi viwili ndiyo ambayo kamati ya wakazi ingeweza kuijaza.

3. Funzo kutoka Owino Uhuru

Mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ubavuni mwa makazi ya Owino Uhuru, Mombasa, penye watu wapatao 3,000. Wakazi walilalamikia moshi na maji machafu, na watoto wakapatikana na risasi katika damu yao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 kesi ilifikishwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwaka 2020 mahakama hiyo iliamua kwamba haki za wakazi zilivunjwa, ikazibebesha lawama kampuni husika pamoja na taasisi za serikali, na kuagiza fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023. Mwishoni mwa 2024, Mahakama ya Juu iliirejesha.

Hesabu miaka: tangu kiwanda kilipoanza kazi hadi uamuzi wa mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa anakaribia umri wa kuchukua kitambulisho.

Tusidanganyane kwamba kamati ya ushauri ingekifunga kiwanda kile. Isingekuwa na uwezo huo. Leseni za mazingira hutolewa na NEMA, ambayo ni taasisi ya kitaifa. Hata hivyo, kuna mambo matatu ambayo kundi la wakazi lenye utaratibu huweza kuyafanya mapema. La kwanza ni kuuliza kwa maandishi iwapo tathmini ya athari kwa mazingira imefanywa. La pili ni kuweka rekodi ya malalamiko kwa tarehe. La tatu ni kutaka ofisi husika ijibu kwa maandishi. Malalamiko ya mdomo husahaulika, lakini barua yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa haikataliki.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu hupima moshi siku aliyofika. Jirani anajua moshi hutoka saa ngapi za usiku, upepo huupeleka wapi, na ni nyumba gani watoto wanakohoa.

4. Hoja za pande zote mbili

*Wanaokubali* husema kamati hulipa jiji macho na masikio mitaani, huokoa gharama ya kurekebisha makosa, na hupunguza mikutano ya umma inayogeuka kuwa ugomvi kwa sababu watu wamelisikia jambo siku ya mwisho. Pia huwapa nafasi wakazi wenye ujuzi, kama vile walimu, wahandisi waliostaafu, wauguzi na waokota taka.

*Wanaokataa* husema vyombo vimekuwa vingi. Kila kamati huja na vikao, chai na marupurupu. Huenda viti vikaenda kwa watu wa karibu na wakubwa, au vikashikwa na wenye nafasi ya kuhudhuria mikutano ya mchana huku mama wa sokoni na kijana wa jua kali wakikosa. Na kuna hofu nzito zaidi: kwamba jiji litaitumia kamati kama ngao, lilalamikiwapo liseme, "Tulishauriana na wakazi," hata kama ushauri wenyewe ulitupwa kwenye droo.

Hoja hizi zote zina ukweli. Kinachotenganisha kamati yenye manufaa na ile ya mapambo ni maandishi ya kuiunda.

5. Mambo manne ya kuandikwa kabla ya kuunda

*Kwanza, nani atakaa.* Iandikwe kwamba nafasi zitatangazwa wazi, na kwamba mitaa iliyo karibu na majaa, viwanda na mito itakuwa na viti vyake. Katiba inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanaoteuliwa katika vyombo vya umma. Watu wenye ulemavu na vijana pia wafikiriwe. Mwenye zabuni ya jiji kuhusu taka au ujenzi asiketi. Vikao vifanyike saa ambazo mchuuzi na mfanyakazi wanaweza kufika.

*Pili, itaambiwa nini na lini.* Ushauri unaoombwa baada ya mkataba kutiwa sahihi haufai kitu. Iandikwe kwamba mipango ya majaa, mitaro, barabara na matumizi ya ardhi itaifikia kamati ikiwa bado rasimu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Kamati isisubirishwe kuliko hapo.

*Tatu, nani lazima ajibu.* Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kwa kuwa kamati haina amri, nguvu yake pekee ni jibu. Iandikwe kwamba kila pendekezo litajibiwa kwa maandishi na afisa anayetajwa kwa cheo, ndani ya siku zinazotajwa kwa idadi, na kwamba jiji likikataa pendekezo litatoa sababu. Pendekezo na jibu lake vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa wadi. Jiji linabaki na haki ya kukataa. Lisichoruhusiwa ni kunyamaza.

*Nne, itaendeshwaje.* Ataje anayeandika kumbukumbu, gharama za nauli zitoke fungu gani, vipindi vya wajumbe viwe vya miaka mingapi, na kamati itathminiwe lini. Ikiwezekana iundwe kwa sheria ya kaunti, maana kamati iliyoundwa kwa barua ya ofisi inaweza kufutwa kwa barua nyingine.

Rasimu ikiwa na la kwanza, la pili na la nne lakini haina la tatu, mkazi ana haki ya kusema: bado. Heri kuchelewesha kamati mwezi mmoja ili jambo hilo liandikwe, kuliko kuwa na kamati inayosema bila kusikizwa kwa miaka mitatu.

6. Mfano wa kazi

Tuseme, kwa mfano tu, jiji linapanga kituo cha kukusanyia na kuchambulia taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, kwa hivyo vituo vya aina hii vinahitajika. Kiwanja kilichochaguliwa kiko karibu na shule ya msingi.

Kamati inapata rasimu ya ramani. Wajumbe wawili wanatembelea mahali hapo asubuhi na jioni. Wanaona kwamba njia ya malori ndiyo njia ya watoto, na kwamba mvua ikinyesha maji ya kiwanja huteremkia uwanja wa shule. Wanaandika ukurasa mmoja: kituo kisikataliwe, lakini lango lihamishiwe upande wa barabara kuu na mtaro uchimbwe kwanza. Meneja wa jiji anajibu kwamba lango litahamishwa, ila mtaro unasubiri bajeti ya mwaka ujao. Sasa wakazi wanajua la kudai katika mkutano wa bajeti. Hakuna aliyepata kila alichotaka, lakini kila upande una karatasi ya kuonyesha.

7. Unachoweza kufanya sasa

Huhitaji kusubiri kamati. Andika ombi fupi lenye mambo manne: tatizo ni lipi, liko wapi, lilianza lini, na unaomba nini kifanywe. Taja kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Weka jina na njia ya kukupata. Lipeleke katika afisi ya msimamizi wa wadi au makao makuu ya kaunti, na udai nakala yako igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Itunze nakala hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika baraza, chama au darasa

1. Ni tatizo gani la mazingira mtaani mwenu ambalo limelalamikiwa zaidi ya mara moja? Nani aliliandika?
2. Je, Kamati ya Mazingira ya Kaunti inatosha, au jiji linahitaji kamati yake ya wakazi? Toa sababu.
3. Kamati ikiwa na viti 7, mngevigawa vipi ili wanaoishi karibu na uchafuzi wasiachwe nje?
4. Jiji lipewe siku ngapi kujibu pendekezo? Nini kifanyike zikipita bila jibu?
5. Mkiletewa rasimu ya kuunda kamati kesho, mtaanza kusoma sehemu ipi kwanza?