JIFUNZE: Tazama Pomboo na Nyangumi Bila Kuwafukuza

Kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hufika pwani yetu kutoka bahari baridi za Antaktika, kuja kuzaa na kunyonyesha. Pomboo nao huonekana karibu na Shimoni, Wasini na Kisite-Mpunguti, hifadhi ya bahari inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Wageni huwafuata, na manahodha, wapishi na waongozaji wa Kwale hupata riziki.

Kwa nini tusiwakimbize?

Pomboo na nyangumi si samaki. Wana mapafu, hivyo ni lazima waibuke kupumua. Boti ikiwakimbiza huwakatiza mapumziko na kunyonyesha. Nyangumi mama akiwa huku huwa hali, au hula kidogo sana. Hutegemea mafuta ya mwilini kujilisha na kutoa maziwa. Kila mbio humla akiba hiyo. Na kundi linalosumbuliwa kila siku huweza kuhama, nasi tukabaki na bahari tupu.

Nahodha afanye nini?

1. Punguza mwendo mara tu unapowaona.
2. Kaa angalau mita 50 kutoka kwa pomboo na mita 100 kutoka kwa nyangumi.
3. Wakaribie kwa ubavu na uende sambamba nao. Usiwazibe njia mbele, wala usipite kati ya mama na mtoto.
4. Ukikuta boti mbili tayari zipo, subiri zamu yako kwa mbali.
5. Wakikujia wenyewe, toa gia ili rafadha isizunguke.
6. Wakigeuza njia ghafla, wakipiga maji kwa mkia mara kwa mara au wakizama muda mrefu, wamechoka nawe. Ondoka polepole.

Na abiria?

Mara nyingi nahodha hukimbiza kwa sababu abiria anadai picha. Usimshinikize, na usidai ulipe tu ukiona pomboo. Usiwalishe wala kuwarukia majini. Usitupe plastiki, maana kasa huimeza akidhani ni chakula.

Msimu wa nyangumi ndio msimu wa kusi, bahari huchafuka. Safiri asubuhi, vaa jaketi la kuokolea maisha, na nahodha akisema turudi, kubali. Boti iliyotulia ndiyo ambayo pomboo huisogelea.