MAWAZO MENGI HUTIBIWA KWA MAZUNGUMZO

Malaria hutibiwa kwa dawa. Kidonda husafishwa na kufungwa. Je, mawazo mengi yakimkosesha mtu usingizi, hutibiwaje?

Mwaka 2005, nchini Zimbabwe, mgonjwa mmoja wa Daktari Dixon Chibanda alijiua. Alitakiwa kurudi hospitalini, lakini alikosa nauli. Daktari akaona kwamba matibabu lazima yawafuate watu waliko.

Mwaka 2006 alianza kazi na akina bibi 14 wa Mbare, katika mji wa Harare. Bibi hao hawakuwa madaktari. Walifundishwa kusikiliza na kuongoza mazungumzo. Bibi na mgonjwa hukaa pamoja kwenye benchi, nje ya zahanati.

Mazungumzo yao yana utaratibu. Kwanza, mgonjwa hueleza shida zake zote. Bibi husikiliza bila kumlaumu. Pili, mgonjwa huchagua shida moja ya kuanzia. Tatu, wote wawili hutafuta njia ya kuitatua. Bibi hatoi amri. Mwenye shida ndiye anayeamua. Kisha hurudi kueleza alivyofanya.

Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Matibabu haya yanahitaji kuaminiana. Msikilizaji ana wajibu wake. Atunze siri. Asidai zawadi wala mapenzi. Siri asiitoe, ila maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mgonjwa naye ana wajibu. Aseme kweli. Arudi siku waliyopatana. Akiona hasikilizwi, aseme wazi, au aombe mtu mwingine. Hilo si kosa.

Ndugu msomaji, ukikosa usingizi na hamu ya kula kwa majuma mawili, mweleze mganga au muuguzi wa zahanati. Usione haya. Na mtu akikuambia anataka kujiua, usimcheke, wala usimwache peke yake. Mpeleke zahanati mara moja.

MASWALI

1. Nani anayeamua njia ya kutatua shida, bibi au mgonjwa? Kwa nini?
2. Siri ya mgonjwa inaweza kutolewa wakati gani?
3. Katika kijiji chenu, nani anajua kusikiliza na kutunza siri?