Dizeli ya Zamani Inapogoma Mara Moja Moja

Gari iliyokufa kabisa ni nyepesi kutengeneza. Inayowamaliza watu pesa ni ile inayogoma leo alfajiri, kisha saa mbili asubuhi ikawaka kama haijawahi kuugua. Kizimbani, hapa Unguja, na mashamba ya jirani bado zimo Hilux na Land Cruiser za dizeli za miaka ya 1980 na 1990, zinazobeba ndizi, mihogo na viungo kupeleka masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe. Mwenye gari akigomewa mara mbili tatu huuziwa betri, kisha stata, kisha alternata, na ugonjwa uko palepale. Usinunue kitu mpaka uwe umepima wakati gari imegoma. Ikishawaka, kila kipimo kitasoma vizuri na hutajua lolote.

Tafuta mita ya umeme, hata ya bei ndogo, balbu ya volti 12 yenye waya mbili, spana, msasa na mtu wa kugeuza ufunguo. Weka gia nyutro, vuta hendibreki, zuia magurudumu kwa mawe, vua saa na pete. Usiipuuze hatua hii: gari iliyo kwenye gia itakukanyaga pale stata itakapopata umeme.

Kwanza, sikiliza. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haiwaki, stata haina kosa. Dizeli haina cheche. Inataka hewa iliyobanwa na mafuta. Pampu nyingi za zamani zina solenoidi ndogo yenye waya mmoja, inayofungua mafuta ufunguo unapowashwa. Washa ufunguo bila kupiga stata, chomoa waya ule na uuguse tena mahali pake: usikie mlio mdogo. Usiposikia, na balbu ikaonyesha kwamba waya una umeme, solenoidi imekufa. Balbu isipowaka, fuata waya na fyuzi yake. Hita, zile plagi za kupasha injini joto kabla ya kuwasha, usizilaumu haraka. Kwa joto la Unguja, hita moja ikifa injini hutetemeka na kutoa moshi mweupe, lakini kwa kawaida huwaka.

Ukisikia "tak" moja halafu kimya, au kimya kitupu, endelea.

Pili, betri. Ikiwa imepumzika na imejaa husoma karibu volti 12.6. Mwenzako apige stata huku unatazama mita: ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au haijachajiwa. Kwa Canter na magari mengine ya volti 24, zidisha tarakimu hizi mara mbili. Kisha weka ncha moja ya mita juu ya nguzo ya risasi yenyewe, nyingine juu ya terminali iliyoibana, na stata ipigwe. Mita ikionyesha hata nusu volti, kuna uchafu kati yao. Fungua hasi kwanza, sugua mpaka risasi ing'are, kaza, na hasi iwe ya mwisho kurudi.

Tatu, athi, na hapa usiwe na haraka. Kebo ya hasi hufungwa kwenye injini na kwenye bodi, mahali penye oili, udongo mwekundu na maji ya masika. Pima kati ya nguzo ya hasi na chuma cha injini wakati stata inapigwa. Ikizidi volti 0.5, umempata mwizi. Njia ya mkato ni kuunganisha kebo ya kuazimia umeme kutoka hasi ya betri hadi injini. Gari iliyogoma ikiwaka papo hapo, athi ndiyo mbovu. Kebo inaweza kupendeza kwa nje na shaba ya ndani imegeuka kijani, basi ikunje: ikiwa ngumu na inakwaruza, badilisha yote. Paka grisi baada ya kukaza, si kabla.

Nne, waya mdogo wa stata, ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Waya mmoja wa balbu uguse hapo, mwingine uguse athi, na mwenzako apige stata. Gari inagoma na balbu inang'aa? Kosa limo ndani ya stata au kwenye kebo yake nene ya chanya. Balbu haiwaki au imefifia? Tatizo ni swichi, rilei, fyuzi au waya wenyewe. Kwa kuwa ugonjwa huja bila taarifa, mimi hupendelea kuvuta waya mwembamba kutoka hapo, wenye fyuzi ya ampea 2 karibu na stata, hadi balbu ndogo kwenye dashibodi. Popote gari itakapogoma, dereva ataona jibu bila kufungua boneti. Mita ikisoma chini ya volti 8 kwenye waya huo mdogo stata inapopigwa, na betri ni nzima, swichi au waya wake umechoka. Funga rilei ya ampea 40: waya wa zamani uende 86, athi 85, umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 30 uende 30, na 87 iende kwenye stata.

Tano, stata yenyewe. Stata za Denso za Toyota zina kasoro maarufu: vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi huliwa, upande mmoja zaidi, na kisahani cha shaba kikashindwa kugusa vyote viwili. Ndipo unasikia tak, tak, tak, kisha ya nne inazunguka. Toa hasi ya betri, shusha stata, fungua kifuniko cha solenoidi. Badilisha vipande vyote viwili pamoja, vikae sawasawa, na ukague kisahani na kaboni. Usitie grisi kwenye shaba hizo. Bei ya vipande hivyo ni ndogo mno ukilinganisha na stata nzima, kwa hiyo fundi akikuambia tupa, mwombe afungue kwanza mbele yako.

Mwisho pima tena athi na betri, kisha endesha mpaka mjini, zima injini ikiwa moto na uiwashe mara kadhaa, maana joto huongeza ukinzani wa waya. Balbu ya dashibodi iache mpaka masika ipite.