Mahakama Zilipofungwa: Somo Kutoka Manningtree na Aru

Ndugu wasomaji wa pande zote mbili za mpaka, katika somo la toleo hili tunawaomba mtuvumilie tuanze mbali, kisha tutarejea nyumbani.

Majira ya baridi ya 1644 kuingia 1645, katika mji mdogo wa Manningtree, mashariki mwa Uingereza, mke wa fundi cherehani aitwaye John Rivet aliugua. Mume alikwenda kwa mganga, naye akaambiwa kwamba mkewe amelogwa na majirani. Shuku ikamwangukia Elizabeth Clarke, ajuza maskini mwenye mguu mmoja. Hakuwa na mume wala mtoto mwenye nguvu wa kumsemea. Walimkesha usiku baada ya usiku bila kumruhusu asinzie, mpaka akakiri na kuwataja wanawake wengine. Hao nao walikeshwa, nao wakataja wengine.

Shutuma kama hizo hazikuwa jambo geni Uingereza. Jambo la kujiuliza ni kwa nini mwaka ule moja haikuzimika palepale ilipowashwa, kama nyingi zilivyozimika kabla yake. Tangu 1642 nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme upande mmoja na bunge upande wa pili. Vijana walikuwa vitani, na kodi ya vita iliwaelemea waliobaki. Kubwa zaidi, majaji waliozoea kuzunguka wilaya kwa wilaya kusikiliza kesi hawakuweza kusafiri kama desturi. Kesi ya wanawake wa Manningtree na vijiji jirani iliposikilizwa Chelmsford mwezi Julai 1645, aliyeongoza kikao hakuwa jaji wa kawaida, bali mkuu wa vita, Bwana wa Warwick.

Katika pengo hilo akaingia kijana mmoja, Matthew Hopkins, akajipa cheo ambacho hakuna serikali iliyompa: Mkuu wa Watafuta Wachawi. Pamoja na mwenzake John Stearne alipita mji kwa mji. Kwa kuwa sheria ya Uingereza ilikataza mateso, walibuni njia zisizoacha jeraha kubwa: kumnyima mtu usingizi, kumtembeza chumbani mpaka miguu ivimbe, kumchoma kwa sindano wakitafuta alama ya shetani. Nao walilipwa. Mji wa Stowmarket peke yake ulitoa pauni 23, fedha zilizozidi ujira wa kibarua wa shamba kwa mwaka mzima. Tunawaomba wasomaji wetu waukumbuke ujira huo kila wanapomwona mgeni anayefika kijijini akidai kwamba anaweza kuwanusa wabaya.

Mwezi Agosti mwaka huohuo, huko Bury St Edmunds, watu 18 walinyongwa siku moja. Mmoja wao alikuwa mchungaji wa kanisa, John Lowes, mzee wa miaka ipatayo 80, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na ugomvi na waumini wake. Alinyimwa usingizi na kukimbizwa huku na huko mpaka akakiri kwamba amezamisha merikebu. Yasemekana kwamba alipofikishwa kwenye kamba alijisomea mwenyewe ibada ya mazishi, kwa kuwa alijua hakuna atakayemsomea.

Msako huo ulikomaje? Mchungaji mmoja wa kijijini, John Gaule, alihubiri na kuandika dhidi yake mwaka 1646, wakati wenye hofu walikuwa wengi kuliko wenye ujasiri. Kisha majaji wa Norfolk wakapelekewa maswali kuhusu njia za Hopkins: kwa nini mwanadamu anyimwe usingizi, na ungamo la namna hiyo lina uzito gani? Hopkins alilazimika kuchapisha kijitabu cha kujitetea mwaka 1647, na mwaka huohuo akafa. Watu wapatao 100 au zaidi walikuwa wamekwisha kuuawa.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Juni 2001, katika eneo la Aru, ng'ambo tu ya mpaka, mamia ya watu waliuawa na wanakijiji wenzao kwa tuhuma za uchawi. Ilikuwa wakati wa vita vya Kongo; eneo lilikuwa mikononi mwa waasi na majeshi ya Uganda, na serikali ya Kinshasa haikuwa na mkono huko. Watu walikuwa wakifa kwa maradhi ambayo zahanati zisizo na dawa hazikuweza kuyatibu. Walioshikwa waliteswa wawataje wenzao, jina likazaa jina, mpaka askari walipopelekwa kuzuia. Miaka 356 imepita kati ya Manningtree na Aru, lakini hatua ni zilezile: ugonjwa, jibu la mganga, ajuza asiye na mtetezi, ungamo la mateso, orodha ya majina.

Hatuandiki haya ili kubishana na imani ya mtu. Mwenye kuamini na asiyeamini wote wana haki ya kusikilizwa wanapofiwa. Tena tunakiri kwamba wapo wanaokuja kituoni na huzuni yao wakaambiwa warudi kesho, na kesho yake wakaambiwa hivyohivyo. Pengo kama hilo ndilo alilolijaza Hopkins. Kwa hiyo tumeelekezana: tishio lolote dhidi ya mtu anayeitwa mchawi liandikwe kitabuni saa ileile, usiku au mchana, na anayetishiwa apewe hifadhi kabla ya kuhojiwa yeyote. Msiba wenyewe nao upelekwe kwa mganga mkuu wa hospitali, ili sababu ya kifo ijulikane.

Katika baraza lijalo tutaomba wenyeviti wa vijiji, wazee na akina mama walijadili swali hili kwanza: fundi cherehani wa Manningtree alipotoka kwa mganga, hakukutana na mtu wa kumzuia. Je, katika kijiji chako, mtu mwenye mgonjwa akitoka kwa mganga jioni ya leo, atakutana na nani njiani?