Somo la Maziwa: Jaribio la Chupa Mbili na Tahadhari Yake

Mkoani Mara, mtoto wa mfugaji huja shuleni akiyafahamu maziwa pengine kuliko mwalimu wake. Awe wa Butiama, Bunda au kando ya Musoma, huenda amekwisha kumshika ndama mama akikamua. Basi mwalimu asianze somo kwa kuyalaumu maziwa ya nyumbani, aanze kwa kuuliza: "Kwa nini maziwa huganda?"

Jaribio. Chupa mbili zilizooshwa kwa maji ya moto zitiwe maziwa, moja mabichi na nyingine yaliyochemshwa. Zifunikwe. Watoto waandike wayaonayo asubuhi na jioni kwa siku mbili. Asionje mtu. Kwa kawaida maziwa mabichi hutangulia kuganda.

Hesabu. Bakteria mmoja apatapo joto limfaalo aweza kugawanyika kila dakika 20 hivi. Tuseme maziwa yamekamuliwa saa 12 asubuhi, yakafika mjini kwa baiskeli saa 3. Mmoja huyo amegawanyika mara 9, nao wamekuwa 512. Watoto wakokotoe wenyewe.

Tahadhari. Hapa ndipo mwalimu mwanafunzi aweza kupotosha bila kukusudia. Mtoto akiachwa hapo, atahitimisha kuwa maziwa ambayo hayajaganda ni salama. Sivyo. Wengi wa bakteria wanaogandisha maziwa ndio watupatiao mtindi. Lakini bakteria wa brusela, watokao kwa ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, hawabadili rangi, harufu wala ladha ya maziwa. Humletea mtu homa za kupanda na kushuka pamoja na maumivu ya viungo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. David Bruce aliwagundua kisiwani Malta mwaka 1887. Lakini ni mwaka 1905 tu ndipo Themistocles Zammit alipotambua kuwa chanzo ni mbuzi walioonekana wazima kabisa, ambao watu walikunywa maziwa yao.

Kwa hiyo maziwa yachemshwe hata yafure, ndipo yanywewe. Hata ya mtindi yachemshwe kwanza, yapoe, kisha yagandishwe katika chombo safi, kwani kuganda peke yake hakuui vijidudu vyote vya maradhi.

Kupima. Uliza: "Maziwa haya ni meupe, matamu, yamekamuliwa sasa hivi. Je, tuyanywe?" Atakayejibu, "Tuyachemshe kwanza," akaeleza sababu, huyo ameelewa, na jioni atalifikisha somo jikoni kwa mama yake.