Jangwa la Chakula na Mgonjwa wa Kisukari: Funzo Kutoka Kaunti ya McDowell

Jangwa la chakula ni jina linalopewa eneo ambalo wakazi wake, hasa wenye kipato cha chini, hawafikii kwa urahisi duka linalouza vyakula bora vya aina mbalimbali: mboga, matunda, maziwa, samaki, nyama na nafaka zisizokobolewa. Jina hilo halihusu ukame. Mvua inaweza kunyesha na milima ikawa ya kijani mwaka mzima, lakini mahali hapo pakabaki jangwa kwa maana hii, kwa kuwa kinachokosekana ni duka, usafiri na fedha.

Makala haya yanaeleza hali hiyo kwa kutumia mfano wa kaunti moja ya vijijini nchini Marekani, kisha yanaonyesha jinsi inavyoweza kumdhuru mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa zake kwa uaminifu. Mwishoni yanapendekeza hatua ambazo mhudumu wa afya na mgonjwa wanaweza kuzichukua pamoja.

Kaunti ya McDowell

Kaunti ya McDowell iko kusini mwa jimbo la West Virginia, katika milima ya Appalachia. Uchumi wake ulijengwa juu ya makaa ya mawe. Mwaka 1950 ilikuwa na wakazi karibu 99,000. Mashine zilipochukua nafasi ya wachimbaji na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, watu walihama kutafuta kazi kwingine. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 19,111 tu.

Kaunti hii ina nafasi ya pekee katika historia ya lishe nchini humo. Tarehe 29 Mei 1961, chini ya serikali ya Rais John F. Kennedy, familia moja ya huko ilikuwa ya kwanza kupokea kuponi za chakula katika mpango wa majaribio. Mpango huo ulipata sheria yake mwaka 1964, na leo hujulikana kwa jina la SNAP. Msaada wake hutolewa mara moja kwa mwezi. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwani litarejewa hapa chini.

Mwezi Januari 2016 kampuni ya Walmart ilitangaza kufunga maduka 269 duniani, likiwemo duka lake kubwa la Kimball, katika kaunti hiyo, lililokuwa limehudumu kwa takriban muongo mmoja. Wakazi walipoteza mahali pa kununulia mboga na nyama. Pamoja na duka, zilikwenda ajira zaidi ya 100, duka la dawa lililokuwa ndani yake, na vyakula lililokuwa likivitoa kwa kituo cha kugawia chakula kwa wahitaji.

Idara ya Kilimo ya Marekani hutumia umbali kupima hali hii. Eneo la kijijini lenye kipato cha chini huhesabiwa kuwa na ufikiaji duni iwapo angalau watu 500, au theluthi moja ya wakazi, wanaishi zaidi ya maili 10, yaani kilomita 16, kutoka supamaketi iliyo karibu. Kwa mjini kipimo ni maili 1. Hata hivyo, kilomita 16 kwenye ramani si sawa na kilomita 16 kwa mzee asiye na gari, anayeishi bondeni, kando ya barabara nyembamba yenye kona nyingi, asiye na basi la kumfikisha dukani na kumrudisha kwa siku moja. Kilicho karibu naye mara nyingi ni duka dogo la kituo cha mafuta au duka la bidhaa za bei nafuu, ambako rafu zimejaa vyakula vya makopo, biskuti, soda na vitafunwa vyenye chumvi nyingi.

Je, kufungua duka jipya kunatosha?

Mtu angeweza kudhani kwamba tiba ya jangwa la chakula ni supamaketi mpya. Tafiti hazikubaliani na wazo hilo moja kwa moja. Huko Philadelphia, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia wakazi wa mtaa uliofunguliwa supamaketi. Wakazi waliona kwamba upatikanaji wa chakula umeimarika, lakini ulaji wao wa matunda na mboga na uzito wao wa mwili havikubadilika kwa kiwango cha maana. Uchambuzi mwingine mpana wa manunuzi ya kaya za Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba kuzipa kaya maskini bidhaa na bei zilezile wanazozipata matajiri kungepunguza tofauti ya ubora wa lishe kwa takriban asilimia 10 tu.

Matokeo haya hayasemi kwamba duka halina umuhimu. Yanasema kwamba umbali ni kizuizi kimoja kati ya vingi. Kipato, muda wa kupika, jokofu, mazoea ya miaka mingi na hofu ya kupoteza fedha kwa mboga zitakazooza kabla ya kuliwa, vyote huamua kitakachofika mezani. Kwa hiyo mhudumu wa afya hawezi kungoja duka lifunguliwe. Inampasa kumtibu mgonjwa katika mazingira aliyonayo leo.

Wiki ya mwisho ya mwezi

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mgonjwa wa kisukari katika mazingira hayo mara nyingi husahaulika. Wengi hufikiria sukari kupanda kwa sababu ya vyakula vya wanga na soda. Ni kweli, lakini sukari kushuka kupita kiasi huweza kuua haraka zaidi.

Utafiti uliofanyika California na kuchapishwa mwaka 2014 ulichunguza wagonjwa waliolazwa kwa sukari kushuka. Miongoni mwa watu wa kipato cha chini, waliolazwa katika wiki ya mwisho ya mwezi walizidi wale wa wiki ya kwanza kwa asilimia 27. Miongoni mwa wenye kipato cha juu ongezeko hilo halikuonekana. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba fedha na msaada wa chakula huisha kabla ya mwezi kuisha, ilhali dawa huendelea kumezwa.

Chukua mfano wa kufikirika wa mwanamke mwenye umri wa miaka 67 anayetumia insulini na vidonge vinavyochochea kongosho kutoa insulini zaidi. Tarehe 5 ya mwezi anakula milo mitatu. Tarehe 26 anakunywa chai na kipande cha mkate asubuhi, kisha hali tena hadi usiku. Kipimo cha dawa hakijabadilika. Akifika kliniki tarehe 5, sukari yake iko juu na daktari anamwongezea dozi. Wiki tatu baadaye dozi hiyohiyo inamkuta na tumbo tupu. Mgonjwa huyu hajakaidi ushauri, na daktari hajakosea hesabu. Swali moja tu halikuulizwa: chakula chake huisha lini?

Hatua kwa mhudumu wa afya

Kwanza, amuulize mgonjwa, kwa faragha na bila kumwaibisha, iwapo katika miezi 12 iliyopita aliwahi kuhofia kwamba chakula kingeisha kabla ya kupata fedha za kununua kingine, na iwapo kilichonunuliwa kiliwahi kuisha akakosa cha kuongezea. Jibu la "mara nyingi" au "mara nyingine" kwa swali lolote kati ya hayo linatosha kuonyesha hatari.

Pili, apitie dawa. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Insulini, glibenklamidi na gliklazidi zinaweza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Tatu, ampe maelekezo ya maandishi kuhusu siku ambayo hakuna chakula cha kutosha: kidonge kipi kiachwe na dozi ipi ipunguzwe. Insulini ya muda mrefu isiachwe kabisa bila ushauri, hasa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza.

Nne, ushauri wa lishe ufuate duka analolifikia mgonjwa. Maharage ya kopo yakimwagwa maji yake na kusuuzwa hupungua chumvi. Samaki wa kopo, mboga zilizogandishwa na matunda ya kopo yasiyo na sharubati ya sukari ni chakula chema pale vibichi visipopatikana.

Hatua kwa mgonjwa na familia

Dalili za sukari kushuka ni kutokwa jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/l, au dalili zikitokea na kipimo hakipo, mgonjwa ale au anywe kitu chenye gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitalini.

Hitimisho

Kipimo cha umbali hadi supamaketi hakifai kuhamishiwa Afrika Mashariki kama kilivyo, kwani mboga na matunda hapa hununuliwa zaidi gengeni na kwenye gulio. Dawa, hata hivyo, ni zilezile, na mwili wa mgonjwa asiyekula hufanya kazi namna ileile, awe McDowell au katika kijiji ambacho gulio hufanyika mara moja kwa wiki na akiba ya ghalani hupungua kabla ya mavuno. Mgonjwa naye asione aibu kusema kwamba chakula kimepungua nyumbani. Kwa anayetumia insulini, hiyo ni taarifa ya kitabibu, na inastahili kuandikwa kwenye kadi yake kando ya kipimo cha sukari.